Kuunganisha darasa lako la lugha na wanafunzi wa nje: mwongozo kutoka Mtwara

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Kifaransa na Kingereza sekondari hapa Mtwara mjini, na huu mwaka wa tatu darasa langu la Kifaransa linaongea na darasa la shule moja ya Ufaransa, kwa voisi (ujumbe wa sauti wa kutumiana kwa simu) na kwa vidio. Kila nikienda semina naulizwa natumia vifaa gani, na kila siku najibu hivo hivo, laptopu moja ya zamani, spika, projekta ya kuazima na simu yangu mwenyewe. Vifaa ndo sehemu ndogo. Nimeona madarasa mengi yanaanza kwa shangwe, vidio moja ya kupungiana mikono, picha ya pamoja, alafu kimya mpaka leo.

Kwa ninavyoona mimi ule ukimya unatokana na namna tunavyoingia. Tunaingia kama watu wa kupokea tu, wao ndo wenye lugha sisi ndo wa kufundishwa, sasa baada ya wiki mbili watoto wa kule wanakuwa hawana wanachokipata na watoto wa kwetu wanaona aibu kukosea mbele ya wenye lugha yao. Ukiingia na wewe una kitu mkononi mambo yanabadilika kabisa. Kwahiyo hatua ya kwanza haina neti wala umeme.

Hatua ya 1: Hesabuni mlichonacho

Kaa na wanafunzi kipindi kimoja, gawa ubao katikati, upande mmoja andikeni mnachotaka kutoka kwa wenzenu, upande wa pili mnachoweza kuwapa. Darasa langu mara ya kwanza upande wa pili ulikaa mtupu dakika kumi nzima, mpaka mtoto mmoja akasema "Mwalimu, Kingereza." Wenzake wakamcheka, lakini alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mtoto wa kidato cha tatu hapa kwetu anaandika notisi za baiolojia, jiografia na fizikia kwa Kingereza, kizuri kibaya anakitumia kila siku, wakati mwenzake wa Ufaransa Kingereza kwake ni somo la vipindi vichache kwa wiki na akisimama kukiongea anatetemeka kama wetu wanavyotetemeka kwenye Kifaransa. Hapo tayari mna biashara ya pande mbili.

Alafu kuna Kiswahili chenyewe. UNESCO ilitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, kinafundishwa vyuo vikuu vya nje kama SOAS kule London, INALCO Paris, Leipzig Ujerumani, Hankuk kule Seoul, yaani kuna watu wanalipia ada kujifunza kitu ambacho wanafunzi wako wanakiongea wakiwa wanachota maji. Na baada ya lugha kuna mahali mlipo. Sisi Mtwara tuna korosho, tuna gesi ya Mnazi Bay, tuna vinyago vya Wamakonde, tuna Mikindani. Nyie wa Lindi mna Kilwa na mna Tendaguru, na hapa naomba mnisikilize vizuri, ile mifupa ya mjusi mkubwa iliyochimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 leo imesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wake unapita mita 13 kwenda juu, watoto wa kule wanapelekwa na shule kwenda kuishangaa. Mwalimu wa Lindi akiandika barua Berlin kwamba sisi ni watoto wa ilikotoka hiyo mifupa, tunaomba mtuonyeshe ilivyo sasa na sisi tuwaonyeshe shimo lilipokuwa, sijui ni mwalimu gani ataiweka pembeni hiyo barua.

Hatua ya 2: Tafuta mwalimu kwanza, darasa litafuata

Shule haziunganishwi na shule, wanaounganishwa ni walimu wawili wanaoelewana. Mmoja akichoka imekufa, kwahiyo mchague vizuri.

Pa kumpata ni pengi. Kuna mtandao wa iEARN unaounganisha madarasa tangu 1988. Kwa wa Kifaransa, Alliance Française (kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa) ya Dar na ya Arusha ni watu wa kuwaandikia, na shirikisho la walimu wa Kifaransa duniani lina vyama karibu kila nchi. Ukisikia eTwinning, ule mtandao wa kuunganisha shule ulioanzishwa 2005, hiyo ni ya nchi za Ulaya na majirani zao, Tanzania hatumo, usipoteze jioni yako kujaribu kujisajili.

Na msifikirie "nje" ni Ulaya tu jamani. Comoro ni hapo ng'ambo ya bahari, wanatumia Kifaransa shuleni, saa yao na yetu moja, na lugha yao ya nyumbani ni ndugu wa Kiswahili, mtoto wa Mtwara akimsikiliza mtoto wa Moroni dakika tano anaanza kuokota maneno mwenyewe. Burundi na Kongo nako Kifaransa kipo shuleni. Kwa anayetaka kuwapa watoto Kireno, Msumbiji tumetenganishwa na mto Ruvuma tu. Kama nyie ni chuo cha ualimu au chuo kikuu, hao wanafunzi wa Kiswahili wa Leipzig na London ndo saizi yenu, watu wazima kwa watu wazima. Kwa sekondari mimi sishauri kuunganisha watoto na watu wa chuo, tafuta rika lao.

Barua ya kwanza iwe fupi. Sema wewe nani, darasa kidato gani, wangapi, wanajifunza lugha gani mwaka wa ngapi, mnaweza kuwapa nini (ile orodha ya ubaoni), na vifaa mlivyonavyo ukweli ukweli. Usiseme mna maabara ya kompyuta kama zinazowaka ni tatu. Na usiweke hata sentensi moja ya shida, kwamba shule yetu ni maskini sijui madawati, hiyo inaharibu kila kitu kabla hakijaanza, nitaieleza huko mbele.

Akijibu, ongeeni nyie wawili peke yenu mara mbili kabla watoto hawajajua. Mkubaliane lini ni Kifaransa na lini ni Kingereza (sisi ni nusu kwa nusu, na dakika tano za mwisho ni Kiswahili), mara ngapi kwa mwezi, na mmoja akikwama anamwambiaje mwenzake. Mimi na mwenzangu tulipatana kwamba kazi ikichelewa unatuma neno moja tu, "wiki ijayo", bila kujieleza. Imetuokoa mara nyingi hiyo.

Hatua ya 3: Ruhusa

Hapa usichukue njia ya mkato. Anza kwa mkuu wa shule kwa maandishi, yeye akiona kuna haja ataipeleka kwa afisa elimu wa halmashauri. Alafu barua ya mzazi, ya Kiswahili chepesi, nusu ukurasa, iseme mtoto ataongea na nani, kwa njia gani, nani atakuwepo, sauti na picha zake zitahifadhiwa wapi na lini zitafutwa, na sehemu ya mzazi kukataa picha lakini kukubali sauti. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na wenzetu wa Ulaya wana ya kwao kali zaidi, mwenzangu wa kule alichukua wiki sita kukusanya saini, mvumilie tu.

Sheria za darasani kwangu ni hizi, jina la kwanza tu, hakuna namba ya simu ya mtoto wala akaunti yake, kila kitu kinapita kwenye simu ya mwalimu kwenda simu ya mwalimu, na hakuna picha inayopanda mtandaoni, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Wanafunzi wetu simu shuleni haziruhusiwi kwahiyo hili kwetu ni jepesi, simu ni moja na iko mfukoni kwako.

Hatua ya 4: Kalenda na saa

Mwaka wetu unaanza Januari, wao Septemba. Miezi mnayokutana kweli kweli ni kuanzia katikati ya Januari mpaka Mei, ukitoa likizo zao za Februari na Pasaka, alafu Septemba na Oktoba. Novemba kwetu ni mitihani ya taifa, na huku kwetu Oktoba ndo msimu wa korosho umekolea, kuna watoto utawakosa, panga kazi nyepesi.

Sasa saa. Ufaransa na Ujerumani wako nyuma yetu masaa mawili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Uingereza ongeza saa moja juu ya hapo. Marekani upande wa New York ni masaa nane, yanakuwa saba wakati wa joto, na wao wanabadilisha tarehe tofauti na Ulaya. Sisi hatubadilishi kamwe, kwahiyo wiki ya mwisho ya Machi na ya Oktoba thibitisha upya. Saa nne asubuhi yetu wakati wa baridi ni 8:00 asubuhi Ufaransa, kipindi chao cha kwanza, safi sana. New York 8:00 asubuhi ni saa kumi jioni kwetu, hiyo ni ya shule za bweni.

Lakini kinachoumiza zaidi ni saa yetu ya Kiswahili. Mwaka wa kwanza niliandika tukutane Alhamisi "4h", kichwani mwangu ni saa nne asubuhi, mwenzangu akasoma saa kumi jioni ya kwao. Watoto 38 walikaa wamechomekea, wengine wamepaka mafuta mpaka wanang'aa, tunatazama skrini mpaka kengele ikagonga, nikajisikia vibaya siwezi kueleza. Yeye na darasa lake wakaingia 16:00 yao, kwetu saa kumi na mbili jioni, shuleni kabakia mlinzi. Toka siku hiyo naandika kila mara namna mbili, "10:00 saa za Mtwara, saa nne asubuhi", na siku moja kabla natuma tena.

Ila lile kosa likatupa somo zuri kuliko yote ya mwaka ule. Watoto wangu ikabidi wajieleze kwa Kifaransa kwanini saa yetu iko vile, kwamba tunaanza kuhesabu jua likichomoza, na huku kwetu jua halihami sana mwaka mzima. Wa kule wakajibu kwamba Desemba jua Paris linachomoza kwenye 8:40, wao wanaenda shule gizani na taa za barabarani zinawaka. Darasa zima likapiga kelele, hawakuamini, wakataka vidio ya hilo giza. Ikaja wiki iliyofuata, sekunde kumi na tano, mtoto anatembea na begi barabarani kama saa tano usiku.

Hatua ya 5: Anza na voisi, vidio ya moja kwa moja subiri

Hii ndo hatua ambayo nikikuta mtu ameiruka najua haitadumu. Vidio ya moja kwa moja inataka neti nzuri pande zote mbili kwa dakika ile ile, inataka umeme, na inamtaka mtoto ajibu palepale. Voisi haitaki chochote katika hivyo. Saa moja ya vidio inaweza kula kuanzia karibu GB 1 mpaka kupita 2, voisi ya dakika moja kwa kawaida haizidi MB moja hivi, kwahiyo kwa bando la kawaida la wiki unafanya kazi ya muhula mzima. Na mtoto akikosea anafuta anarudia.

Tunavyofanya sisi, darasa nimeligawa vikundi tisa. Kikundi kimoja kinatoka na simu mpaka chini ya mwembe, vingine vinabaki ndani vinaandika, dakika nne kila kikundi, kipindi kimeisha na voisi tisa zipo. Simu iweke kwenye hali ya ndege wakati wa kurekodi isije ikaita katikati, tumia rekoda ya simu yenyewe alafu faili utatuma ukiwa na neti. Ishike shubiri moja kutoka mdomoni na kwa pembeni kidogo, pumzi isipige kwenye maiki. Wakati wa upepo wa kusi jifiche nyuma ya ukuta, huku pwani kusi likianza utarekodi upepo mtupu.

Kanuni moja tu hapo, marufuku kusoma. Mwaka wa kwanza waliandika kila kitu kwenye daftari wakasoma kama taarifa ya habari, na wa kule nao wakasoma yao, tukawa tunatumiana taarifa za habari. Sasa mtoto anaruhusiwa kuandika maneno matano kwenye kiganja cha mkono, basi. Akikwama anasema "euh" kama wanavyosema wao, mwenzake anamdakia. Zinatoka na vicheko na kuku wanapita, na hizo ndo wa kule wanazipenda.

Voisi za wenzenu zikija, zipige darasani kwa spika mara tatu. Ya kwanza wanasikiliza tu kalamu chini. Ya pili kila mtu anaandika maneno aliyoyadaka hata kama ni mawili. Ya tatu wanajaza kwa vikundi. Mwambie mwalimu mwenzako atume maandishi ya voisi kesho yake, akituma pamoja watoto watasoma hawatasikiliza. Na kama wanaongea haraka sana, WhatsApp inaongeza spidi tu, haipunguzi, ihifadhi faili ifungulie kwenye programu ya VLC, spidi iweke 0.75, utaona nyuso zinavyofunguka.

Hatua ya 6: Wape kazi yenye swali ndani yake

"Jina langu nani, napenda mpira" inaisha wiki ya pili. Baada ya hapo lazima kuwe na kitu upande mmoja haujui na hauwezi kukipata bila upande wa pili. Nina mbili zilizofanya kazi kwangu.

Ya kwanza ni neno moja. Mwaka 1997 pale MIT Marekani walianzisha mradi unaitwa Cultura, wanafunzi wa Kimarekani na wa Kifaransa wanapewa neno lile lile kila mtu kwa lugha yake, anaandika haraka haraka yanayomjia kichwani, orodha zinawekwa pembeni kwa pembeni, kila mmoja anasoma ya mwenzake. Inataka karatasi na picha moja ya simu, kwahiyo inatufaa sana. Sisi tulianza na "adabu", wao "politesse". Wa kwangu waliandika shikamoo, kupokea kwa mikono miwili, kumwachia mkubwa kiti, kutomkodolea macho mtu mzima. Wa kule waliandika bonjour, merci, kushika mlango mwenzio apite, kumwangalia mtu machoni anapoongea. Nikaibandika ubaoni sikusema kitu. Dakika haikuisha mtu kanyoosha mkono, "Mwalimu, hawa wanamwangalia baba yao machoni?" Nikamwambia waulize. Swali lile likazaa voisi kumi na moja kwenda na kurudi, na kwa mara ya kwanza nikaona watoto wanagombania kamusi. Shikamoo waliihangaikia wiki nzima, hakuna neno la Kifaransa, mwisho wakaisogeza karibu na ile "vous" wanayomwambia mkubwa, lakini wakasema haitoshi, maana vous unaweza kumwambia hata muuza duka kijana, shikamoo huwezi.

Ya pili ni korosho. Watoto wangu walirekodi vipande vya sekunde ishirini ishirini, kuokota, kutenganisha korosho na bibo (lile tunda lake), kuanika, alafu bibi wa mtoto mmoja anabangua nyumbani, moshi mzito, na mikono yake imechubuka kwa yale mafuta ya ganda. Wa kule kazi yao ikawa kwenda dukani kusoma pakiti, bei gani, gramu ngapi, imeandikwa imetoka wapi. Zikaja picha za pakiti. Vietnam. Nyingine India. Mtwara hakuna hata moja. Darasa lilitulia, alafu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kwa Kiswahili, nikawaacha. Wa kule wakauliza, sasa zenu zinaenda wapi? Ikabidi wajieleze, mnada, stakabadhi ghalani (mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi), meli zinapakia bandarini hapa korosho ghafi kwenda India na Vietnam, zinabanguliwa huko, ndo maana pakiti inasema hivo. Kwa Kifaransa! Maneno hayo hayamo kwenye kitabu chetu, noix de cajou (korosho), décortiquer (kubangua), wakayatafuta wenyewe, na bibo wakagundua linaitwa pomme de cajou, wa kule hawakuwahi kuliona maisha yao yote, walidhani korosho inaota ardhini kama karanga. Mtihani wa muhula nikauliza kuhusu kusafiri kwa treni kama kitabu kinavyotaka, nusu ya darasa wakaipeleka insha kwenye korosho, na sikuwakata maksi.

Hatua ya 7: Sasa vidio

Baada ya mwezi na nusu wa voisi wanajuana sauti, wanaitana majina, sasa vidio ina maana. Miongozo ya zamani bado inataja Skype, hiyo ilifungwa Mei 2025. Zoom ya bure inakata dakika 40, na kipindi chetu ni dakika 40, haina tatizo. Google Meet ukiwa na kifaa kimoja kila upande inakwenda muda mrefu tu.

Kifaa kimoja kila darasa. Mkiingia na viwili chumba kimoja spika zote ziko wazi, mtasikia mluzi wa kupasua masikio. Watoto waangalie dirisha, usiwape mgongo dirisha watakuwa vivuli vyeusi. Weka kiti kimoja mbele karibu na laptopu, anayeongea anakaa hapo, wengine kimya nyuma, na orodha ya nani anafuata nani iwe ubaoni. Maswali yatumwe siku mbili kabla. Laptopu chaji imejaa na hotspot ya simu iko tayari hata kama umeme upo. Na usipange Februari na Machi mchana kama darasa lenu ni bati bila silingi bodi, mvua ikishuka hata mwenye laptopu hasikii.

Kitu kimoja nakiona mpaka leo. Kwenye zile dakika tano za Kiswahili siku hiyo tulikuwa tunawaonyesha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, imechemshwa, iko kwenye sahani. Kijana wa kule anasema "mingoko". Anarudia, "min-goko". Nina binti mmoja, tangu kidato cha kwanza sijawahi kumsikia anajibu swali bila kuitwa, nikashtukia ametoka kule nyuma amekuja mpaka kwenye kiti hata zamu yake haijafika, kasogeza uso kwenye kamera, "Non, non. Écoute. Ng'. Ng'. Encore!" (hapana, sikiliza, tena). Yule kijana anajaribu, yeye anatikisa kichwa, "Encore!" Mara tano. Ya sita ikatoka, ng' yenyewe kabisa, darasa zote mbili zikapiga makofi. Wiki iliyofuata kwenye voisi yule binti ndo alifungua mazungumzo. Kifaransa chake kilikuwa na makosa tele, na hakujali.

Neti ikikata katikati muwe mmekubaliana, dakika kumi mnajaribu, ikishindikana mnarudi kwenye voisi siku ile ile, ili mtoto aliyejiandaa aseme alichojiandaa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika nchi nzima neti ikawa ya kusuasua, sisi tulikuwa na voisi za wiki mbili hatujazimaliza, tukaendelea kuzifanyia kazi.

Kusahihishana

Makosa matatu kwa voisi moja, sio zaidi, na kila upande unasahihisha lugha unayoijua vizuri zaidi. Anza na kilichoeleweka, alafu matatu. Kila mtoto ana daftari dogo la makosa yake, na voisi inayofuata lazima atumie moja wapo kwa usahihi.

Kuhusu zawadi

Hili linaniuma kwahiyo nalisema wazi. Mwaka wa kwanza kijana wangu mmoja aliomba kuongeza maneno kwenye voisi, nikamruhusu, sikusikiliza kabla ya kutuma. Alikuwa ameomba viatu vya mpira. Simlaumu, vyake vilikuwa vimetoboka kweli. Lakini voisi zilizofuata kutoka kule zilibadilika sauti, wakawa wapole kupita kiasi, kama mtu anayeongea na mgonjwa, hawakubishana nasi tena, na mwalimu wao akaniandikia wanafunzi wanataka kuchangisha. Tulichukua mwezi kuirudisha. Viatu tulichanga sisi walimu, kimya kimya. Toka hapo ni makubaliano ya maandishi pande zote mbili, hakuna kuomba hakuna kutuma, isipokuwa vitu vya darasa vinavyolingana, wao bahasha ya majani ya vuli yaliyokauka, sisi bahasha ya vitambaa vya kanga vyenye majina yao. Na nasikiliza kila voisi kabla haijaondoka.

Mwisho wa mwaka

Kidato cha nne wanapokaribia kuondoka, kila kikundi kinarekodi voisi mbili. Moja ya kuwaaga wenzao, ya pili ni ya kidato cha tatu wanaokuja, kwa Kifaransa, kwamba wale wa kule wako vipi, nani anaongea haraka, nani ana utani, msiwaulize nini. Januari kipindi cha kwanza kabisa, kabla ya kitabu, nazipiga hizo. Mwaka huu wale wapya walizisikiliza mara mbili, alafu mmoja akauliza kama yule kijana wa kule wa ng' bado yupo. Yupo, nikamwambia, yuko darasa la mbele yenu mwaka mmoja, ila mdogo wake ndo ameingia kwenye darasa mtakaloongea nalo, na voisi yake ya kwanza imeshafika.